Notisi ya kuamuru ukarabati imebandikwa mlangoni pa gofu, nyumba iliyotelekezwa. Nani aisome, popo?

Wakuu, tusidanganyane kwamba sheria haipo. Ipo karibu kila jiji: mwenye nyumba azibe paa, afunge milango na madirisha, afyeke majani, azoe taka. Kinachoudhi ni utekelezaji.

Mkaguzi haonekani mpaka mtu alalamike. Akija anaandika "jengo chakavu" na kuondoka zake. Chakavu wapi? Ripoti ya namna hiyo wakili anaichanachana asubuhi tu. Iandikwe: bati tatu za nyuma hazipo, kenchi ya pili imeoza inapokalia ukuta, madirisha mawili hayana fremu, na picha ziwe na tarehe.

Halafu notisi inabandikwa kwenye nyumba isiyokaliwa. Mwenye jina kwenye hati pengine alishafariki, mirathi haijafunguliwa, warithi wanatupiana mpira. Asipofikishiwa kisheria, kesi inatupwa na siku zinahesabiwa upya. Nyumba ikiuzwa katikati ndiyo basi tena, mmiliki mpya anadai hakuandikiwa yeye. Kwa nini agizo hilo la ukarabati lisisajiliwe kwenye hati miliki siku hiyohiyo, mnunuzi anunue na deni lake? Ni karatasi moja, jamani!

Mvua nayo haisubiri tarehe ya mahakama. Maji yanaingia pale palipokosa bati, yanaozesha ncha za kenchi, yanalegeza tofali za juu, na kazi ya bati tatu inageuka kazi ya kubomoa.

Hata kuziba wanalipua. Plaiwudi inapigwa misumari kwenye fremu iliyooza. Usiku mmoja imeng'olewa. Zinatakiwa bolti ndefu zinazopenya hadi mbao iliyokingamishwa kwa ndani, nati zikae huko ndani, na matundu ya hewa yaachwe juu, la sivyo unyevu unamalizia kazi.

Faini? Ikiwa ndogo kuliko gharama ya fundi, anayesubiri kiwanja kipande bei atailipa huku anacheka. (Mzee asiye na hela ya bati ni suala jingine, huyo anahitaji mkopo wa ukarabati, si kesi.) Kule Marekani, Philadelphia tangu 2011 gofu kwenye mtaa unaokaliwa lazima liwe na milango na madirisha yanayofanya kazi, na faini inahesabiwa kwa kila tundu lisilo na mlango au dirisha, kila siku. Baltimore, hukohuko Marekani, mahakama inaweza kumteua msimamizi, akaiuza nyumba kwa mwenye uwezo wa kuikarabati.

Mkipeleka malalamiko, pelekeni namba ya kiwanja, kasoro mojamoja na picha, mdai namba ya jalada. Wakijibu "notisi ilishatolewa", waulizeni: alikabidhiwa nani, lini, na saini yake iko wapi?