Mrejesho: king'ora cha duka na laini ya simu

Ahsanteni nyote. Niliuliza kwa nini king'ora cha duka langu hapa Mji Mkongwe hakinipi taarifa umeme ukikatika. Kumbe chenyewe kina betri, lakini kilitegemea ruta ya intaneti, na ruta ikizimika kwa kukosa umeme basi kinalia peke yake, mie niko nyumbani Fuoni nimelala.

Fundi ameongeza kifaa cha laini ya simu. Siku ya kwanza kikagoma kabisa. Tukahangaika saa nzima, kumbe laini ina namba ya siri; tukaitia laini kwenye simu, tukaiondoa hiyo namba, ikakubali. Halafu mtandao ukawa dhaifu, maana kuta hizi za mawe na chokaa ni nene mno na antena ilikuwa ndani ya boksi la chuma. Tukaipandisha juu karibu na dirisha.

Jana nilizima swichi kuu makusudi, nikafungua mlango. Ujumbe ukanifikia, kisha simu ikaita! Ruta nayo nitainunulia betri yake, inshallah mwezi ujao.

Aliyenishauri niweke vocha kila mwezi laini isije ikafungiwa, nimekusikia. Nimeandika ukumbusho.