Klabu ya wanachama Moshi: rami, pool na dubwi, sheria inasemaje?

Katibu_Soweto
Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu hapa Moshi ina meza mbili za pool, drafti na chumba cha karata. Wazee wanataka rami (mchezo wa karata) ya dau dogo, vijana wanataka ligi ya pool yenye kiingilio, na kuna mtu anataka kutuwekea dubwi mbili (zile mashine za kamari) karibu na kaunta tugawane mapato. Hoja ya wengi ni kwamba hii ni michezo ya akili, tena tuko ndani kwetu. Inatosha?

Wakili_Kijenge
Mkuu, dubwi kwanza maana ni fupi. Ile haina akili yoyote ya mchezaji, matokeo yanaamuliwa na programu iliyo ndani. Iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 (Sura ya 41), na leseni inatoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, siyo halmashauri. Leseni yenu ya vileo haiifuniki. Mwenye mashine akishindwa kuonyesha leseni ya Bodi, azibebe arudi nazo. Tena aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, na kama familia huleta watoto Jumapili kula nyama choma, kaunta ndiyo sehemu mbaya kuliko zote.

Rami ndiyo yenye maneno. Kesi inayotajwa sana ni ya Mahakama ya Juu ya India, 1968, Jimbo la Andhra Pradesh dhidi ya Satyanarayana, iliyohusu klabu ya Secunderabad. Mahakama ilisema rami inataka kukumbuka karata zilizokwisha kutupwa na kujua ipi ushike, ipi uachie, kwa hiyo ujuzi unazidi bahati. Michezo ya karata tatu haikupata huruma hiyo. Ada ya kukaa mezani haikuhesabiwa kosa. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu, ila majaji hao hao walisema klabu ikivuna faida kutoka kwenye mchezo wa dau, kosa laweza kuthibitishwa. Na hukumu ya India hapa kwetu ni ya kushawishi tu, haimfungi hakimu wa Moshi.

"Ndani kwetu" ina maana pale tu mna daftari la wanachama na mgeni anasainiwa na mwenyeji wake. Kama yeyote mwenye hela anaingia, hiyo ni baa yenye katiba.

Chaki_Buluu
Kwenye ligi, angalia hela inapopita. Wachezaji 16 kwa 5,000 ni 80,000. Ukimpa bingwa 60,000 klabu ikabaki na 20,000, mmekula kwenye dau, hata kama pool ni ujuzi mtupu. Zawadi itoke kwa mfadhili au bajeti ya klabu, itangazwe mapema, na isipande wala kushuka kwa idadi ya walioingia. Kiingilio kiwe cha gharama (refa, chaki, kitambaa cha meza), kikatiwe risiti na kiwekwe kwenye hesabu yake peke yake.

Halafu muda. Mtoano wa watu 16 ni mechi 15. Mkicheza wa kwanza kufika gemu tatu, mechi inaweza kula dakika 50, na kwa meza mbili hamtoki chini ya muda wa saa sita. Gaweni siku mbili. Usiku ukiwa mkubwa na bia zimekolea ndipo watazamaji wanaanza kuwekeana dau pembeni, na refa hawezi kuwazuia kama kanuni haijabandikwa ukutani. Usajili wa klabu ya michezo uko chini ya BMT (Baraza la Michezo la Taifa), anza kwa afisa michezo wa manispaa.

Katibu_Soweto
Asanteni. Na rami ikichezwa kwa pointi tu, anayeongoza mwisho wa mwezi apewe mbuzi?

Wakili_Kijenge
Mbuzi ana thamani ya fedha, kwa hiyo swali ni nani kamnunua. Akitoka mfuko wa klabu kwa azimio la mkutano, na hakuna mchezaji aliyechangia ili akae mezani, uko pazuri zaidi. Kila mmoja akitoa elfu mbili za mbuzi, hilo ni dau lenye miguu minne. Andika kanuni ukurasa mmoja: nani anacheza, analipa nini, zawadi inatoka wapi. Ipeleke Bodi kabla ya karata ya kwanza, uombe jibu la maandishi, nakala ibaki kwenye faili la klabu.