Zigbee, Matter au MQTT na JSON: kipi kitafanya vifaa vya nyumbani vielewane?

fundi_ilazo: Wakuu habari za mchana. Kwangu hapa Ilazo nina sensa ya joto ya Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vidogo vya nyumbani), swichi mbili za waifai na ka-ESP32 (kakompyuta kadogo kenye waifai) nilikounga mwenyewe kanasoma maji kwenye simtenki, sasa kila kimoja kina lugha yake. Julai hii, baridi ya Dodoma mnaijua, feni ikajiwasha saa nane usiku, wife ananiuliza we mwanaume uko sawa kweli? Kucheki, sensa imetuma 1870 na mimi kwenye programu yangu nimeandika feni iwake joto likizidi 30 😂 Nihamie Matter kabisa, ile lugha ya pamoja ya vifaa vya nyumbani, au nibaki MQTT ninayopitishia ujumbe wa vifaa sasa hivi?

mama_zabibu: Hahaa pole kwa shemeji. Hiyo 1870 ni digrii 18.70, Zigbee inatuma namba nzima isiyo na nukta, we unagawa kwa 100. Na siku ukiona -327.68 usidhani Dodoma imeganda, hapo sensa inasema haina kipimo. Hata Matter ni hivyohivyo maana ni walewale, Zigbee Alliance ndo walibadili jina 2021 wakawa Connectivity Standards Alliance, Matter 1.0 wakaitoa Oktoba 2022. Mi naipendea hiyo tu, kila kitu kimeandikwa, huanzi kubahatisha.

kijana_udom: Mkuu unachanganya vitu. MQTT ni bodaboda, inabeba bahasha haijui ndani kuna nini. Ilitengenezwa 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yanayosomwa kwa setilaiti, habari za feni yako haizijui. Kinachokutesa ni JSON iliyo ndani, yaani maandishi ya jina na thamani yake, Tasmota (programu ya ndani ya swichi za waifai) inaandika "POWER":"ON", Zigbee2MQTT (inayohamisha ujumbe wa Zigbee kwenda MQTT) inaandika "state":"ON", mwingine anatuma 1, mwingine true, hapo swichi ni ileile moja!! Mi ningebaki MQTT ila kila kitu kipite Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vyote vya nyumbani), kazi ya kutafsiri iache huko.

mama_zabibu: Sawa mdogo wangu ila akiongeza kifaa kingine si anaanza upya kutafsiri? Matter hiyo kazi haipo, na inafanya kazi humohumo ndani hata bando likiisha.

kijana_udom: Dada swichi zake za zamani hazina Matter, azitupe?

fundi_ilazo: Situpi kitu aisee 😅 Nabaki MQTT, za kununua mbele ndo nitaangalia Matter. Nimeshagawa kwa 100, feni imetulia. Simtenki sasa, nitume lita au asilimia?

mama_zabibu: Tuma sentimita, jina liandike maji_cm. Ukituma "maji": 60 mwakani wewe mwenyewe utakuwa unajiuliza 60 ya nini, na ukibadili tenki asilimia zote zinakuwa uongo.

fundi_ilazo: Nimekuelewa dada, ngoja nipande juu na futi.