Kura nyingi kapata mmoja, kiongozi wa chama katangazwa mwingine. Hii ya wahafidhina wa Manitoba ikoje?

Mgeni_wa_Winnipeg anauliza:

Wakuu habari za saa hizi. Mi niko Winnipeg, jimbo la Manitoba huku Kanada, siasa za huku nilikuwa sizifuatilii kabisa, zangu zilikuwa zile za nyumbani tu, ila tangu Wab Kinew wa NDP (chama cha mrengo wa kushoto) alipowatoa PC (wahafidhina) madarakani 2023 nikaanza kusomasoma kidogo. Sasa kuna kitu mpaka leo kinagoma kuniingia kichwani. Tarehe 26 Aprili 2025 hao PC walichagua kiongozi mpya wa chama, wagombea wawili tu, Obby Khan yule aliyecheza Blue Bombers, timu ya football ya hapa Winnipeg, halafu akaja kuuza shawarma halafu akaingia bungeni, na Wally Daudrich mwenye hoteli kule Churchill kwenye dubu weupe. Wanachama wakapiga kura, zikahesabiwa, Daudrich kamzidi mwenzake kura 53. Halafu anatangazwa Khan! Eti pointi. Pointi za nini jamani, hii ni ligi?

La pili, kuna jamaa kazini ananiambia hata mimi mwenye PR (ukazi wa kudumu) tu, uraia bado, naweza nikachukua kadi ya chama nikapiga kura ya kumchagua kiongozi. Nikamwambia acha utani. Ni kweli au ananipiga kamba?

Naombeni mnieleweshe taratibu, siasa za huku sizijui.

---

Mkongwe_Scarborough anajibu:

Karibu sana ndugu. Hiyo ya Manitoba ni cha mtoto, ngoja nikupe ya kwetu Ontario 2018 ndo utaelewa pointi ni nini.

Januari 2018 kiongozi wa PC hapa, Patrick Brown, aliachia ngazi usiku wa manane baada ya tuhuma kutangazwa kwenye TV (alizikana), na uchaguzi mkuu uko Juni. Chama kikapanga kinyang'anyiro cha chapchap. Wakaingia wanne: Doug Ford, Christine Elliott, Caroline Mulroney mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Kanada Brian Mulroney, na Tanya Granic Allen ambaye hoja yake kubwa ilikuwa moja tu, mtaala wa elimu ya jinsia mashuleni. Kura zinapigwa kwa intaneti lakini ili upige lazima kwanza usubiri barua ya posta yenye namba ya siri, sasa posta ya huku na barafu ya Februari unaijua mwenyewe. Watu kibao barua hazijafika, wengine wakaenda hadi mahakamani kuomba wiki moja iongezwe, wakakataliwa.

Sasa pointi. Ontario wakati ule ilikuwa na maeneo ya ubunge 124. Kila eneo likapewa pointi 100, haijalishi lina wanachama mia tatu au elfu mbili, na wagombea wanagawana zile 100 kwa asilimia waliyopata pale. Kwa hiyo ukienda sehemu ina wapiga kura 200 ukapata 120, umebeba pointi 60. Mwenzako akaenda sehemu ina wapiga kura 2,000 akapata 1,200, na yeye ni 60 hizohizo. Wewe umetumia watu 120 yeye katumia 1,200, mko droo. (Eneo likiwa na kura chini ya 100 ndo kila kura inahesabika pointi moja.) Umeona mchezo ulipo? Mwenye akili hakimbilii kwenye ngome ya chama kujaza kadi juu ya kadi, anakwenda kule ambako chama kimekufa, anatafuta watu mia na hamsini, kwisha.

Siku ya matokeo, 10 Machi, tulijazana ukumbini Markham mchana, tukaambiwa matokeo yanakuja, yanakuja, yanakuja... kumbe kuna kura zimewekwa kwenye maeneo yasiyo yao wanabishana nyuma ya pazia. Saa zikapita, mara jukwaani anapanda mtu anasema ukumbi muda wa kukodi umekwisha tafadhali mwende nyumbani. Yaani mtu umevaa suti, una bango mkononi, unaambiwa nenda nyumbani kiongozi utamsikia kwenye redio! Watu walizomea pale we acha tu. Usiku ndo ikatangazwa Ford kashinda raundi ya tatu kwa pointi 6,202 kwa 6,049. Elliott akagoma, akasema mimi nina kura nyingi zaidi na nimeshinda maeneo mengi zaidi, na yote mawili yalikuwa kweli, kesho yake akakubali yaishe.

Utauliza kura nyingi, maeneo mengi, bado anapigwaje. Ni kwa sababu alikuwa anashinda tuseme kwa 52 kwa 48, Ford akishinda kwake anashinda tuseme 70 kwa 30. Na lingine, kura zenyewe unapanga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Granic Allen alipotolewa wa kwanza, watu wake wengi walikuwa wameandika Ford namba mbili. Hao ndo waliompa ule ushindi mwembamba. Na kabla ya Juni haijafika Ford akamkata huyohuyo mama asigombee ubunge kwa sababu ya maneno aliyowahi kusema huko nyuma. Siasa haina shukrani wala nini. Elliott yeye akapewa wizara ya afya na unaibu waziri mkuu wa jimbo.

---

Kijana_wa_Mbagala anajibu:

Wajumbe si watu 😂😂 kumbe hata Kanada wapo

---

Mama_Brooks anajibu:

Mkongwe umeeleza vizuri sana ila mimi hizo pointi sizipendi na sitazipenda. Kura ni kura. Mtu ametembea na kadi yake amelipa hela yake halafu aambiwe ya jirani ina uzito mara kumi kwa sababu tu jirani anaishi mahali chama hakina watu? Hapana.

Sisi Alberta chama cha UCP (wahafidhina wa huku) kilipomchagua Danielle Smith 2022 hapakuwa na pointi, ilikuwa mwanachama mmoja kura moja na kupanga namba tu. Walikuwa saba. Ada ya kugombea dola laki moja na nusu, na juu yake elfu 25 za dhamana ya kuwa na adabu, ukifanya fujo unaipoteza. Kabla yake alikuwepo Jason Kenney, huyo wanachama walimpigia kura ya imani mwezi wa tano akapata asilimia 51.4, yaani kashinda, lakini usiku uleule akasema hii haitoshi naondoka. Watu wa vijijini walikuwa wamemkasirikia kwa masharti ya korona, wa mjini nao wamemkasirikia kwa kuchelewa kuyaweka, akabaki katikati hana mtu. Smith akaja na hoja ya kuikatalia serikali kuu ya Ottawa, akaongoza tangu raundi ya kwanza na asilimia 41, lakini ilibidi wafike raundi ya SITA ndo akapata 53.77 dhidi ya Travis Toews aliyekuwa waziri wa fedha.

Sasa angalia hapa. Waliopiga ni 84 elfu na kitu. Alberta ina watu zaidi ya milioni nne. Na aliyechaguliwa pale hakuwa kiongozi wa chama tu, siku chache baadaye kaapishwa waziri mkuu wa jimbo zima, na hata bungeni hakuwa na kiti! Calgary-Elbow kiti kilikuwa wazi kabisa, hakukitaka, akaenda kukitafuta huku kwetu Brooks-Medicine Hat ambako mbunge wa chama alijiuzulu ili kumpisha. Nilikuwa zamu ya jioni kiwandani kipindi hicho, kwenye chumba cha kulia chakula Wakongo, Wasomali, Wasudani, Wafilipino, wote tunaulizana huyu mama anatafuta nini Brooks, hakuna hata mmoja mezani aliyekuwa anaweza kupiga kura. Tarehe 8 Novemba akashinda kiulaini. Watu walidhani uchaguzi mkuu 2023 utamwangusha, akapata viti 49 kwa 38 vya NDP.

Swali lako la PR: UCP ndiyo, ukiwa raia au mkazi wa kudumu, unaishi Alberta, umri miaka 14 na kuendelea, unachukua kadi. Umesikia, 14! Mtoto wa darasa la tisa anachagua waziri mkuu na baba yake mwenye work permit hachagui. Manitoba soma katiba ya chama chao kwenye tovuti, kila jimbo lina yake usije ukaambiwa na mimi ukaaibika mlangoni.

---

Mkongwe_Scarborough anajibu:

Mama Brooks heshima yako lakini fikiria upande wa pili. Bila pointi, mtu anaingia kwenye mtaa mmoja, kanisa moja au gurdwara (hekalu la Masingasinga) moja au msikiti mmoja, anaandikisha elfu tano kwa wiki mbili, kesho ndo kiongozi. Sijasema ni vibaya watu kujiandikisha, sisi wahamiaji hiyo ndo nguvu yetu. Ila waziri mkuu ni wa kaskazini pia, wa vijiji vya wavuvi pia. Pointi zinamlazimisha mtu atembee.

---

Mama_Brooks anajibu:

Atembee kwa sababu anataka kura zao, sio kwa sababu ya hesabu. Na hao wa mtaa mmoja elfu tano wamekatazwa na nani wasiwe na nguvu ya watu elfu tano? Tukiwa wachache mnatuambia jiandikisheni, tukijiandikisha mnatuambia mmejazana sehemu moja 🙄

---

Otieno_YYC anajibu:

Hapo Mama amewamaliza, mimi sina la kuongeza lol. Ila wacha nimpe mwenye swali kitu kimoja kuhusu hiyo ya kupanga namba, maana watu wanaipuuza na ndiyo inaua wagombea wakubwa.

Alberta 2006, chama kilekile cha PC kabla hakijaungana na chama cha Wildrose kuwa UCP, waziri mkuu wa jimbo Ralph Klein anaondoka. Kila mtu anajua ni Jim Dinning, pesa anayo, mabwenyenye wa Calgary wote wako naye. Wa pili Ted Morton, mrengo wa kulia kabisa. Wa tatu kwa mbali, asilimia 15, ni Ed Stelmach, mkulima mtaratibu wa Vegreville hana makelele. Wakaingia hao watatu raundi ya mwisho. Watu wa Dinning hawamtaki Morton hata kwa dawa, watu wa Morton hawamtaki Dinning. Sasa namba mbili wakaandika nani? Stelmach! Morton akatolewa, kura zake zikamwagika kwa mkulima, asubuhi watu wanaamka waziri mkuu ni Stelmach. 2011 tena, Gary Mar anaongoza raundi ya kwanza na asilimia 41, Alison Redford ana 19, mwisho wa siku Redford kachukua. Kadi ilikuwa dola tano na ulikuwa unaweza kuinunua siku hiyohiyo mlangoni, walimu na manesi wasio na habari na chama wakapanga foleni wakanunua, wakampigia, kadi zikatupwa kwenye droo.

Kwa hiyo ukiona mgombea anamtukana mwenzake kwenye mdahalo ujue hajui hesabu. Unaweza kumshinda, lakini watu wake unawahitaji namba mbili.

---

Mgeni_wa_Winnipeg anajibu:

Duh, asanteni sana aisee. Hapo kwenye 120 na 1,200 ndo nimeelewa. Kwa hiyo huku kwetu ni kwamba wanachama wa PC wamejaa vijijini kusini, na Winnipeg ina zaidi ya nusu ya viti 57 lakini wanachama wa chama wachache, kura moja ya mjini inakuwa nzito? Na je ilikuwa hivi siku zote au waliibadilisha kumsaidia mtu?

---

Mkongwe_Scarborough anajibu:

Kwa kusoma kwangu ndo hivyo, fomula yao si sawasawa na ya kwetu ila wazo ni hilohilo. Na hapana haikuwa hivi siku zote. 2021 waziri mkuu wenu Brian Pallister alipoondoka ilikuwa mtu mmoja kura moja, Heather Stefanson dhidi ya Shelly Glover, 8,405 kwa 8,042. Tofauti kura 363 na hapo anayeshinda anakuwa waziri mkuu moja kwa moja maana chama kiko madarakani. Glover akasema wanachama wengine hawakuletewa karatasi za kura na hesabu za jumla hazilingani, akaenda mahakamani, jaji akatupilia mbali Desemba. Stefanson akatawala na kesi hiyo nyuma ya jina lake hadi 2023 mlipomtoa.

Kwa hiyo Mama Brooks, mtu mmoja kura moja nayo ilikwenda mahakamani.

---

Mama_Brooks anajibu:

Ilikwenda kwa sababu ya posta. Usibadilishe mada.

---

Kijana_wa_Mbagala anajibu:

Swali la kizushi, hao wajumbe wa huko kabla ya kura wanapewa hata soda na nauli?

---

Otieno_YYC anajibu:

Boss huku kadi kwa kawaida unalipia mwenyewe kwa pesa yako. Pitsa kwenye ukumbi unaweza kupata, hiyo haina shida.

---

Mgeni_wa_Winnipeg anajibu:

Nimeingia tovuti yao sasa hivi naisoma hiyo katiba, kurasa ni nyingi kweli. Binti yangu ana 15, kaniona nasoma akauliza kwani na mimi naruhusiwa? Nimemwambia ngoja kwanza nimalize, akanipokonya simu anasoma yeye.