Mtaa unaweza kufanya nini ili mabaki ya chakula yasiishie dampo?

Mjumbe wa Mtaa

Habari zenu wanajukwaa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nilichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam, nikapangiwa kamati ya mazingira. Baadaye tulianzisha utaratibu wa kutenganisha taka majumbani. Kaya 60 zilikubali kutumia ndoo mbili, moja ya mabaki ya chakula na nyingine ya vitu vikavu kama chupa, makopo na makaratasi. Akina mama waliupokea utaratibu huo vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikipita asubuhi na kukuta ndoo ya kwanza ina maganda ya ndizi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi na majani ya chai, bila hata kipande kimoja cha plastiki.

Wiki ya sita, kijana wa guta la mzabuni, yaani kampuni yenye mkataba wa kuzoa taka, alizimimina ndoo zote mbili ndani ya kiroba kimoja mbele ya mama aliyetoka kuzitenganisha. Habari ilienea kabla ya adhuhuri, na wiki iliyofuata ndoo nyingi zilikuwa zimerudi kuchotea maji. Kijana yule simlaumu, kwa sababu mkataba wa mwajiri wake unamtaka aondoe taka, wala haumuulizi kama zimechanganyika.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, mtaa una uwezo gani wa kisheria wa kulazimisha utenganishaji, kwa wakazi na kwa mzabuni? Pili, nikisimama tena mbele ya mkutano wa mtaa na kusema kwamba jambo hili linapunguza gesijoto, yaani gesi zinazoipasha joto dunia, je, nitakuwa nasema kweli, au kwa kiwango cha mtaa mmoja ni maneno ya kupamba hotuba?

Bwana Afya Mstaafu

Mheshimiwa mjumbe, pole na hongera. Nilifanya kazi ya afya ya mazingira katika halmashauri kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Mamlaka inayotajwa hapo ni halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake, lakini mtaa wa mjini hauna. Sheria ndogo ya kuwataka wakazi watenganishe taka lazima ipitishwe na Baraza la Madiwani, iridhiwe na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali. Njia hiyo ni ndefu, nami nakushauri usiifanye kuwa mlango wako wa kwanza. Mlango ulio karibu zaidi ni mkataba wa mzabuni. Mkataba una muda wake, na unapokaribia kuisha diwani wenu anaweza kudai kiongezwe kifungu kinachomlazimu mzabuni kuchukua mabaki ya chakula peke yake, kwa siku maalumu. Bila kifungu hicho utawafundisha wakazi kila mwaka, na kila mwaka guta litafundua ulichofundisha.

Kuhusu gesijoto, unachosema ni kweli, na usione haya kukisema. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu ni vitu vinavyooza. Vikifukiwa kwenye lundo refu la dampo vinakosa hewa, na bakteria wanaoishi pasipo hewa huvigeuza kuwa methani, ambayo ni gesijoto kali. Tani moja ya methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ukaa; kwa kipindi cha miaka 100 ni takriban mara 28. Mabaki hayohayo yakioza mahali penye hewa, yaani yakigeuzwageuzwa kuwa mboji, methani inayotoka ni kidogo sana. Tofauti kati ya lundo la dampo na lundo la mboji ni hewa tu.

Jiji letu lilikwisha kuiona gesi hiyo kwa macho. Pale dampo la zamani la Mtoni palifungwa mitambo ya kuivuna na kuichoma, na mradi huo ulikuwa wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesijoto. Kabla ya Mtoni palikuwa Vingunguti, na kabla ya hapo Tabata, ambako wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1988 wakilalamikia moshi na harufu, wakashinda. Halmashauri ilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walifungua kesi mwaka 1991. Leo zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kwa miaka zaidi ya 30 tumekuwa tukihamisha mahali pa kutupa huku kinachotupwa kikibaki kilekile, na ndiyo maana ndoo zako mbili nazithamini kuliko dampo jipya lolote.

Fundi Mboji

Dada mjumbe, naunga mkono aliyosema mzee wetu. Ninalotaka kuongeza ni kwamba ulianzia mahali pagumu kuliko pote. Kaya 60 zinatoa mabaki kidogo kidogo, kila moja kwa wakati wake, na mnyororo mzima unakatika mtu mmoja akikosea. Anzia sokoni.

Mimi na wenzangu tunatengeneza mboji kutokana na taka za soko moja dogo lenye genge kama 40 na mama lishe wachache. Saa kumi na mbili jioni tunapita na pipa, tunachukua majani ya kabichi, nyanya zilizooza, maganda ya machungwa na ya viazi. Ni taka safi, kwa sababu muuza kabichi hana nepi wala betri za kutupa. Tunazilaza kwa tabaka, chini vijiti na majani makavu, juu yake mabichi, kisha maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala. Siku ya tatu au ya nne ukiingiza mkono ndani ya lundo huwezi kuuacha humo, kwani joto hufika nyuzi 55 na kuzidi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na mayai ya minyoo. Tunaligeuza lundo kwa koleo kila wiki. Likinuka kama yai viza, ujue limekosa hewa au lina maji mengi. Ongeza maranda na uligeuze siku hiyohiyo, usingoje majirani wapeleke malalamiko. Baada ya miezi mitatu hivi linakuwa jeusi, linanukia udongo baada ya mvua, na tunawauzia wenye bustani za mboga na vitalu vya maua.

Faida nyingine watu hawaihesabu. Sehemu kubwa ya uzito wa mabaki ya chakula ni maji, kwa hiyo gari linalotoka Bunju kwenda Pugu Kinyamwezi linakatiza jiji likichoma dizeli kubeba maji.

Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande chenye uwezo wa kuchakata tani 50 kwa siku, na kiwanda cha namna hiyo kinahitaji hasa taka safi za masoko. Kwa mtaa, eneo la ukubwa wa kiwanja kimoja linatosha kuanzia. Mtaji nao upo karibu. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sajili kikundi cha vijana wa mtaa wako, ikiwezekana yumo na yule kijana wa guta.

Mpwani wa Likoni

Ndugu zangu wa Dar, salamu kutoka Mombasa. Huku sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wakazi watenganishe taka zinazooza na zisizooza, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka vituo vya kuchambulia. Hata hivyo, mtaani kwangu mifuko bado inarushwa kwenye mkokoteni mmoja. Jambo ambalo limefanyika na tunalionea fahari ni Kibarani: jalala lililokuwa likimkaribisha kila anayeingia kisiwani kwa njia ya Makupa lilifungwa, mahali pakapandwa miti. Lakini taka hazikupungua kwa kufungwa jalala, zilielekezwa Mwakirunge. Kwa hivyo nakubaliana na mzee kwamba kuhamisha si kupunguza. Dada, msisubiri sheria ndipo muanze.

Kijana wa Gongo la Mboto

Naomba kuuliza kwa heshima. Nasikia vijiji vya Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinalipwa fedha nyingi za biashara ya kaboni, yaani malipo ya kuzuia gesijoto zisiingie hewani. Je, mtaa huu nao hauwezi kulipwa kwa methani inayoepukwa?

Bwana Afya Mstaafu

Mwanangu, vile ni vijiji 8 vyenye msitu mkubwa unaopimwa na kukaguliwa mwaka hadi mwaka, na gharama ya upimaji huo inabebwa na ukubwa wa msitu. Lundo la mboji la mtaa mmoja haliwezi kubeba gharama hiyo. Halmashauri nzima ikikusanya masoko yake yote, hapo mazungumzo yanaweza kuanza. Kwa sasa ahadi ya fedha za kaboni isitamkwe katika mkutano wa mtaa, kwa sababu wakazi walikwisha kuvunjwa moyo mara moja, na ahadi ya pili isipotimia hawatakusikiliza tena.

Mjumbe wa Mtaa

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Niliyasoma majibu yenu mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na tumekubaliana kuanza na soko letu dogo la jioni. Jana tuliazima mizani ya muuza viazi tukapima mabaki ya siku moja: yalifika kilo 180, na tulipoyachambua mikononi, vitu visivyooza vilijaza nusu ya ndoo tu. Muuza viazi mwenyewe aliniuliza tutarudi lini kupima tena.

Diwani ameahidi kututafutia nakala ya mkataba wa mzabuni ili tujue unaisha lini. Fundi Mboji, nina swali moja la ziada kwako. Kiwanja tulichopewa kiko bondeni kidogo na hutuama maji wakati wa masika. Je, tuinue ardhi kwa kifusi kabla ya kulaza lundo la kwanza, au tutafute mahali pengine kabisa?