Kino Loy wa Andor: alizama au alipona? Na je, alijua tangu mwanzo?

Kisiki cha Bwiru (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mada hii imetugombanisha hapa Bwiru tangu wikendi, watu wazima wanafikia kununiana kwa ajili ya mfungwa wa kwenye tamthilia, nikaona niilete kwenu. Ambaye hajaitazama Andor na ana mpango wa kuitazama, aishie hapa. Nisije kulaumiwa.

Kwa wasioifahamu: Andor ni tamthilia ya ulimwengu wa Star Wars, zile filamu za vita vya anga. Msimu wa kwanza ulitoka 2022, wa pili ukafunga kazi 2025. Mashujaa wake si Jedi, wale wapiganaji wa panga za mwanga. Ni makarani, mafundi vyuma, wapelelezi na watu waliochoka kuonewa. Cassian Andor anakamatwa akiwa anatembea zake mji wa ufukweni, anapigwa miaka 6 kwa kosa lisilo na kichwa wala miguu, anapelekwa Narkina 5, gereza lililosimamishwa katikati ya maji.

Wafungwa wanatembea peku juu ya sakafu ya chuma, walinzi wamevaa buti. Ukileta ubishi, sakafu inawashwa umeme. Kila chumba kina meza 7, kila meza watu 7, zamu moja ina urefu wa saa 12, na wanaunga vipuri ambavyo hawaambiwi ni vya nini. Meza iliyoshika mkia inapigwa shoti. Iliyoongoza, chakula chake kinatiwa ladha. Anayewasimamia ni mfungwa mwenzao, Kino Loy, kaigizwa na Andy Serkis.

Kino ndiye mada yangu. Anapoingia tu humpendi. Ni nyapara. Anafoka, anahesabu zamu zake zilizobaki, na Cassian akimuuliza kila ghorofa ina walinzi wangapi, hataki hata kulisikia swali. Hadi mzee wa meza yao, Ulaf, anaanguka. Tabibu anayekuja kumtazama ndiye anayewapasulia jipu: kuna mtu alimaliza kifungo ghorofa moja akarudishwa ghorofa nyingine, wenzake wakagundua, ghorofa nzima ikauawa kwa umeme. Hakuna anayetoka. Cassian anarudia swali lake, na safari hii Kino anajibu, sauti haipandi: hawazidi 12.

Sehemu ya 10 wanaasi. Kino anashika kipaza sauti, anawaamsha wafungwa 5,000, wanapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka ukingoni na kuanza kujirusha majini. Kino anasimama. Cassian anamuuliza vipi. Anasema hajui kuogelea. Cassian hajapata hata la kumjibu, umati unamkumba anaangukia majini, na hapo ndipo tunapoachana na Kino. Msimu wa pili haukumrudisha.

Sasa hapa kwetu kambi moja inasema alizama, nyingine inasema lazima kuna mtu alimbeba. Mimi nasema kwanza tujue alijua lini. Msimamo wangu: alijua tangu alipotamka ile 12. Gereza liko majini, mfungwa analetwa kwa chombo cha kuruka na kushushwa juu ya maji, barabara hakuna. Mtu asiyeogelea halisahau jambo hilo hata siku moja. Kwa hiyo mlango aliokuwa anawafungulia wenzake alijua si wake. Ukisema alishtukia pale ukingoni, umemgeuza mtu aliyepatwa na bahati mbaya. Na ukimwongezea kwamba alipona, umemnyang'anya hata kile kidogo alichobaki nacho.

Nipingeni, ila kwa vitu vilivyomo kwenye tamthilia. "Mimi nahisi" sipokei.

Fundi Redio, Igoma

Mkuu, napinga na ushahidi ninao. Isikilize tena ile hotuba. Anawaambia wakipigana hata nusu ya walivyokuwa wakifanya kazi, watafika nyumbani muda si mrefu, na anajihesabu humo humo. Mtu anayejua harudi nyumbani haongei hivyo. Halafu kumbuka alivyoanza: alisuasua pale kwenye kipaza sauti mpaka Cassian akamchochea. Kwa maoni yangu alikuwa na hofu ya kawaida ya mtu anayevunja sheria alizokuwa akizilinda mwenyewe. Maji hayakuwa kichwani kabisa. Kichwani kulikuwa na ngazi, milango, walinzi na sakafu. Alipofika juu ndipo akili ikapata nafasi ya kutazama chini.

Kisiki cha Bwiru

Fundi, ungemfuata kiongozi anayekwambia "nendeni nyumbani, mimi nabaki"? Nyapara anajua kazi yake. Asipojihesabu, watu wanasita, na wakisita dakika tano wamekwisha. Huko kusuasua unakokutaja mimi nakuona upande wangu: yule ana sauti ya kufokea watu kutwa nzima bila kuchoka, imekauka kwa nini siku hiyo?

Mtoto wa Ghana, Nyamagana

Nyote mnapoteza muda. Andy Serkis ndiye aliyekuwa Snoke, yule kiongozi mwovu, kwenye filamu za Star Wars za 2015 na 2017. Kino aliokotwa majini, wakamgeuzageuza, akawa Snoke. Tumemaliza.

Fundi Redio, Igoma

Snoke alitengenezwa na Palpatine, yule mtawala mwovu wa Dola, filamu ya 2019 ilishasema na vyombo vya kumtengenezea tukaonyeshwa. Kalale.

Mtu wa Mwaloni

Salaam wakuu. Mimi si mtu wa mambo ya anga, hii tamthilia nimeitazama kwa sababu mdogo wangu aliniwekea kwenye flashi, ila hapo kwenye maji niacheni niseme. Navua dagaa, natoka Kirumba.

Mleta mada anasema asiyeogelea hasahau. Anasahau. Wengi ninaoingia nao ziwani hawajui kuogelea, na mimi mwenyewe najua kidogo cha kujidanganya. Ukituuliza tukiwa tumekaa mwaloni tunaanika, tutakujibu sawasawa: maji ni hatari, jaketi okozi muhimu. Lakini usiku wa giza la mwezi, taa zimewashwa, dagaa wanapanda, wavu unaanza kuwa mzito, hakuna mtu anayewaza kuogelea. Unawaza wavu. Upepo ukibadilika ghafla na mtumbwi ukalala upande mmoja, ndipo mwenzako anakutazama na unasoma machoni pake jambo alilokuwa analijua miaka yote. Sura aliyokuwa nayo Kino pale ukingoni nimeiona kwa watu ninaowafahamu. Kwa hiyo nyote wawili mko sawa na nyote mmekosea. Alijua, ila alikuwa ameliweka pembeni ili afanye kazi.

Sasa kuhusu kupona. Asiyeogelea akiruka kutoka juu vile anazama kwanza, halafu anaibuka mara moja, labda mbili, huku amemeza maji. Hapigi kelele kama kwenye sinema. Pumzi ya kupigia kelele anaitoa wapi? Mikono inapiga maji pembeni kama anapanda ngazi, na aliye karibu anaweza asielewe kinachoendelea. Wa kumwokoa anatakiwa amtokee nyuma au amrushie dumu. Akimwendea kwa mbele, ameshikwa shingoni na wanakwenda wote. Narkina hakuna dumu, hakuna ubao, na watu 5,000 wanarukiana juu ya vichwa. Anayesema alibebwa aniambie alibebwa vipi.

Fundi Redio, Igoma

Hapo kwenye "ameliweka pembeni" nakubaliana na wewe. Kwenye kubebwa hapana. Kwenye hotuba hiyo hiyo Kino anawaagiza wasaidiane, mkimwona mtu amechanganyikiwa au amepotea msukumeni, msimwache mpaka mahali hapa pabaki nyuma yenu. Mwandishi wa tamthilia hakuweka agizo hilo bure. Nyuma yake kulikuwa na watu wa chumba chake waliomsikia. Wote wapite tu wamwache nyapara wao amesimama?

Kisiki cha Bwiru

Wamepita, Fundi. Tumewaona. Aliwafundisha kukimbia na wakakimbia. Hata Cassian hakuchagua kumwacha, alisukumwa.

Binti wa Kemondo

Naomba nichangie, ingawa huenda nitawaharibia mchezo.

Sehemu mnayoibishania ilitoka Jumatano, tarehe 9 Novemba 2022. Jumapili yake, tarehe 6, ndege ilikuwa imeanguka ziwani pale Bukoba ikikaribia kutua. Watu 43 walikuwemo, 19 hawakutoka. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na sote tuliona picha za watu wakivuta kamba kutoka ufukweni. Wiki ile mimi sikuweza kutazama kitu chochote chenye maji. Nilikuja kuitazama baadaye sana, na ilipofika pale ukingoni nikazima.

Kwetu Kemondo MV Bukoba ilitia nanga na kuchukua abiria kabla ya kwenda kuzama karibu na Mwanza, Mei 1996. Zaidi ya watu 800. Kuna nyumba mpaka leo hawazungumzi kuhusu nani alijua kuogelea na nani hakujua, kwa sababu mazungumzo hayo yana mwisho mbaya: yanaanza kumtafutia marehemu kosa. Sasa nikisoma hapa "alijua tangu mwanzo, ndiyo maana ni shujaa", nasikia upande wake wa pili: ambaye hakujua si kitu.

Sisemi msijadili. Nasema nilichokipenda mimi ni kwamba kamera haikumfuata. Haikutuonyesha akizama ili tulie, wala akiokotwa ili tupige makofi. Ilimwacha na aibu yake ndogo ya kusema mbele ya mtu mwingine kwamba kuna jambo hawezi. Yule ambaye muda wote alikuwa anawaambia wengine fanya hiki, fanya kile.

Mtoto wa Ghana, Nyamagana

Dada, pole, lakini tusichanganye misiba ya watu na sinema. Hii ni burudani.

Mtu wa Mwaloni

Kijana, mwache dada aseme. Wewe hapo Nyamagana maji unayaona ukienda kupiga picha pale Bismarck.

Kisiki cha Bwiru

Binti wa Kemondo, nimekusoma na nimekusoma tena. Suala la kumtafutia marehemu kosa umelisema vizuri na silipingi. Lakini naomba usinisukumie nisilosema. Ushujaa wa Kino haunihitaji nimdharau ambaye hakujua. Ninachobishana nacho ni tabia yetu mashabiki: kila mhusika tunayempenda tunataka arudi. Tunamtafutia mlango wa nyuma, tunamtafutia pacha, tunasema hatukuona maiti. Ndivyo Star Wars ilivyozoesha watu. Palpatine alitupwa shimoni 1983, akarudi 2019. Andor ilikataa mchezo huo. Cassian mwenyewe tunajua anakokwenda tangu dakika ya kwanza, maana filamu ya 2016, Rogue One, ilishamuua. Na mwishoni mwa msimu wa kwanza tunaonyeshwa vile vipuri vya Narkina vilikuwa vya nini: vinafungwa kwenye Death Star, silaha itakayomuua Cassian. Yeye na Melshi, mfungwa aliyetoroka naye, waliogelea vizuri tu. Wakafia kwenye sayari ya Scarif.

Kwa hiyo anayesema Kino aliokolewa, nauliza: aliokolewa aende wapi?

Binti wa Kemondo

Nyumbani, kaka. Hata kama ni kwa mwaka mmoja. Hiyo hoja yako ya mwisho siipokei kabisa. Waliotolewa Bukoba nao watakufa siku moja, je, wavuvi wale walijisumbua?

Fundi Redio, Igoma

Hapo Kisiki umepigwa.

Kisiki cha Bwiru

Nimepigwa hapo, lakini hoja ya kwanza bado imesimama. Hakuna picha hata moja kwenye tamthilia ya mtu akimbeba mwenzake majini. Leteni.

Mtu wa Mwaloni

Picha ya kubebwa sina, ila nina nyingine. Sehemu ya 11 mmeisahau? Cassian na Melshi wanafika nchi kavu, wanakimbilia chombo cha watu, na wananaswa kwa wavu. Walionasa ni wavuvi wawili wa hapo hapo Narkina. Wanaanza kuhesabu zawadi watakayopewa wakiwakabidhi wafungwa, halafu wanaacha, kwa sababu Dola imewaharibia maji yao na samaki wao. Wanawasafirisha.

Mimi nilipoona pale nilikaa sawa kwenye kiti. Ina maana lile ziwa lao, au bahari, sijui, lina wavuvi. Hakuna maji yenye wavuvi wawili tu. Watu 5,000 wakiruka majini kwa pamoja, mvuvi yeyote aliye karibu ataona vichwa, na hata kama ana hofu na serikali, atasogea. Hivyo ndivyo tulivyo. Ukara 2018, MV Nyerere ilipopinduka, wa kwanza kufika walikuwa wenye mitumbwi.

Nimesema mwenyewe asiyeogelea anaibuka mara moja, labda mbili. Ni muda mfupi, lakini mtumbwi ukiwa jirani unatosha.

Kisiki cha Bwiru

Mzee, gereza liko mbali na nchi kavu, Cassian na Melshi wenyewe walifika hoi. Na karibu na gereza la Dola nani ataruhusiwa kuvua?

Mtu wa Mwaloni

Kuruhusiwa? Hata huku kwetu, sehemu iliyokatazwa ndiyo yenye samaki.