Tupeane uzoefu: kwenda na mtoto mdogo kuona wanyama

Mama Nasra, Mwanza
Wazazi wenzangu, likizo imekaribia na wengi mnaulizana mtoto wa miaka miwili, mitatu apelekwe wapi. Bei za kiingilio tutaziulizia getini. Hapa tuambizane mtoto alivutiwa na nini, alichoka wapi, na nyinyi mlifanyaje.

Naanza mimi. Sisi tuna Saanane, kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Boti mnapandia Capri Point. Mkishakaa vizuri tu, mmefika. Nasra ana miaka mitatu. Baba yake alikuwa na hamu amwonyeshe simba. Mtoto akamtazama simba kidogo, akageuka. Macho yake yote yalikuwa kwa mjusi juu ya jiwe, kichwa chekundu, mwili wa bluu, anajiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele. Nasra naye akaweka viganja kwenye jiwe, akawa anajiinua na kujishusha. Tukamwacha mpaka mjusi alipoingia kwenye ufa. Mijusi hiyo imejaa hata ukutani kwetu, lakini nyumbani nani anakaa chini na mtoto amtazame mjusi? Kwangu mimi siku ile ilikuwa na faida kubwa kwa sababu hiyo tu.

Njia ni za mawe na kuna kupanda. Vaeni viatu vinavyoshika, na msiache kanga ya kumbebea mgongoni.

Baba Swaleh, Mombasa
Mama Nasra, umenena. Huku Bamburi tuna Haller Park, bustani ya wanyama, na napenda kila mzazi ajue pale palikuwaje. Yalikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda miti, na mvinje ukastahimili kuliko mingine. Majani yake yakianguka hayaozi upesi, basi wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikasaidia kufanya udongo. Nilimweleza Swaleh hayo tumechutama wote wawili, jongoo anapita mbele yetu. Ana miaka minne. Tangu siku hiyo jongoo akiingia nyumbani hapigwi ufagio. Swaleh humchota kwa karatasi akamtoa nje.

Wakubwa mnamkumbuka Owen, yule kiboko mdogo aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alipelekwa Haller Park, akamng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee: anamfuata, analala ubavuni mwake. Nikamsimulia mtoto nikidhani ni kisa cha urafiki. Akaniuliza, "Na mamake yuko wapi?" Nikamwambia maji yaliwatenganisha. Akanyamaza, akataka kubebwa, nikambeba mpaka kwa twiga bila kusema kitu. Sijutii kumwambia. Ila mwenye mtoto aliyefiwa au anayeishi mbali na mama yake, kisa hicho kitafutieni wakati wake.

Bibi wa Shangani, Unguja
Mie nawatetea kobe wa kisiwa cha Changuu. Asili yao Aldabra, na wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi. Umri wao umeandikwa kwa rangi juu ya gamba, kwa hiyo mjukuu wangu anayejifunza tarakimu alizunguka kobe mmoja mmoja akisoma. Akipewa mchicha, kobe hauvamii; anauangalia, ndipo anafungua mdomo. Ukimkuna shingo anainyoosha na kuinuka. Watoto wadogo wanawapenda kwa sababu hawakimbii.

Lakini, wanangu, nawaombeni sana: msiwapandishe watoto juu ya kobe kwa ajili ya picha. Nimeona kwa macho yangu baba mzima anafanya hivyo. Gamba lile lina hisia, kobe anajua akiguswa. Mtoto akae chini, karibu na kichwa. Picha itatoka nzuri vilevile.

Mama Tito, Nairobi
Jamani, yangu ilianza kwa kilio. Kule Giraffe Centre, Lang'ata, kuna jukwaa mnasimama sambamba na kichwa cha twiga, mnawalisha kwa mkono. Ulimi wa twiga unafika sentimita 45, mweusi-mweusi, na Tito alipouona ukimjia alipiga mayowe. Watu wakaanza, "Mpe tu, ataona si kitu!" Nilikataa. Tukashuka, tukala viazi vyetu, tukawatazama ngiri wakipita chini. Baadaye akasema mwenyewe, "Mama wewe lisha, mimi nikushike." Tulilisha hivyo hivyo, amenishika sketi, na akatosheka. Nendeni asubuhi kabla ya mabasi ya shule, na muoshe mikono mkimaliza.

Mama Nasra, Mwanza
Mama Tito, ahsante kwa kutokubali alazimishwe. Na usingizi wa mchana mlifanyaje? Huyu wangu ikipita saa saba hajalala hakuna linalowezekana.

Mama Tito, Nairobi
Saa tano tulikuwa tumeshatoka. Tulimwona twiga na ngiri, basi. Sikutafuta kingine.

Mama Nasra, Mwanza
Sawa kabisa. Wa Tabora mko wapi? Bustani ya wanyama mnayo hapo hapo mjini. Karibuni, tuambieni kivuli kikoje na kama kuna mahali pa kumbadilishia mtoto nepi.